Namna ya Kuaga kwa Saa Mbili na Nusu

Umekabidhiwa kazi ya kuimaliza tamthilia. Nayo si ya kubabaisha, ile ya msimu mmoja na nusu ambayo hata waliocheza wameshaisahau. Ni kongwe. Kuna watu walianza kuitazama wakiwa wanafunzi, sasa wanaitazama na watoto wao, na wote wanangoja uwaambie imeishaje. Kituo kinakupa nusu saa, kama kawaida ya kila wiki. Kataa. Dai saa mbili na nusu, na usitoke ofisini mpaka wakubali.

Wakikuuliza umeona wapi, watajie M*A*S*H. Usiku wa Jumatatu, Februari 28, 1983, kituo cha CBS cha Marekani kilirusha sehemu ya mwisho ya tamthilia hiyo ya madaktari wa hospitali ya mahema ya jeshi, wanaopasua na kushona majeruhi wa vita vya Korea huku wakitaniana ili wasirukwe na akili. Kwa saa za New York ilianza saa mbili na nusu usiku, ikachukua saa mbili na nusu. Watazamaji walikuwa karibu milioni 106. Mpaka leo hakuna sehemu ya tamthilia iliyotazamwa na watu wengi kiasi hicho nchini humo kwa mkupuo mmoja. Kilichokuja kuipita, mwaka 2010, ni mechi ya Super Bowl.

Na bado, wapo wanaosema ni ndefu mno. Mimi nimo, ila nina masharti yangu, na nitayatoa huko mbele. Kwanza ujifunze kazi.

Anza kwa kuhakikisha tamthilia imedumu kuliko jambo inalolisimulia. Vita vya Korea vilianza Juni 1950, mkataba wa kusitisha mapigano ukatiwa saini Julai 1953. Miaka mitatu na mwezi mmoja. M*A*S*H ilianza Septemba 1972 na kwenda misimu 11. Madaktari wale walishona majeruhi kwa muda unaozidi mara tatu vita vyenyewe, mvi zikamwota Hawkeye Pierce, daktari mkuu wa utani anayechezwa na Alan Alda, na hakuna mkubwa wa jeshi aliyeshangaa. Faida yake kwako ni hii: vita vikishachukua miaka kumi na moja, nani atakubana kwa saa mbili na nusu za kuvimaliza?

Kisha tafuta waandishi. Mmoja hatoshi, kwa sababu mwandishi mmoja ana hatari ya kujua anachotaka kusema. M*A*S*H waliandika majina manane kwenye mswada wa mwisho. Mmoja kati ya wale wanane awe steringi mwenyewe, na steringi huyohuyo awe ndiye mwongozaji, kama alivyokuwa Alda. Hapo umefunga mlango na ufunguo umeutia mfukoni. Kwenye seti, mwenye mamlaka ya kusema "kata" ni mwongozaji. Mwongozaji akiwa ndiye anayelia mbele ya kamera, hilo "kata" litachelewa.

Sasa wagawie wahusika misiba. Katika sehemu ya kawaida ya nusu saa, mhusika mmoja anapata shida kubwa, wa pili anapata kituko, waliobaki wanapita wakibeba machela. Katika sehemu ya mwisho, desturi hiyo haifai. Kila aliyekuwa na jina mwanzoni mwa kipindi aondoke na kidonda chake, la sivyo ndugu zake watalalamika. Padri Mulcahy akimbilie kuwafungulia mateka wakati kambi inapigwa makombora, bomu liangukie karibu naye, masikio yaende. Na asiseme, maana akisema atarudishwa nyumbani na kuwaacha yatima anaowahudumia. Klinger, ambaye kwa misimu kadhaa alivaa magauni ili jeshi limwone mwehu limrudishe Marekani, ampende msichana wa Kikorea, Soon-Lee, amuoe, na awe ndiye anayebaki Korea wakati wote wengine wanaondoka. Hilo la Klinger ni zuri, sina ubishi nalo. Lingekaa vizuri zaidi kwa robo ya muda liliopewa.

Zingatia pia kifaru. Kifaru kimoja kinavamia kambi na kusimama katikati, adui anakilenga, makombora yanamiminika juu ya hospitali, mpaka Hawkeye anapanda na kukiendesha kukitoa. Sijawahi kumsikia mtu akiikumbuka sehemu ya mwisho ya M*A*S*H kwa sababu ya kifaru. Lakini kifaru kina sauti kubwa na kinajaza muda, na wewe hilo ndilo ulilotumwa.

Ikitokea bahati mbaya, iandike. Oktoba 1982, moto wa nyika uliteketeza sehemu kubwa ya seti ya nje huko Malibu Creek, California, kazi ikiwa bado haijakamilika. Mtu mwenye akili finyu angefupisha. Wao waliuingiza moto kwenye hadithi, wakasema umewashwa na mabomu ya adui, na kambi nzima ikalazimika kuhama. Ukiwa mtunzi wa tamthilia ndefu hakuna hasara; kuna dakika kumi za nyongeza ambazo zimejileta zenyewe.

Halafu ondoa vicheko. Hili linahitaji maelezo, kwa sababu nadhani ndilo linalowachanganya wengi wanaolalamikia urefu. M*A*S*H ilikuwa kichekesho cha nusu saa, na kituo kiliilazimisha iwe na vicheko vya kurekodiwa, vile vinavyolipuka kila mzaha unapotua. Watengenezaji walivichukia, wakapigania angalau ndani ya chumba cha upasuaji visisikike, na wakapata. Kwa miaka yote hiyo mtazamaji wa Marekani alifundishwa kuhema kwa mapigo hayo: mzaha, kicheko, mzaha, kicheko, damu, kimya, mzaha tena. Usiku wa mwisho vicheko havikuwapo kabisa. Mizaha ilikuwapo, Hawkeye hajawahi kuikosa, ila ilitua kwenye sakafu tupu. Weka mbele ya mtu aliyezoea dakika ishirini na kitu za mapigo yale saa mbili zisizo na pigo hata moja, na hata kama ni nzuri, matako yatamwambia ni ndefu.

Nimesema saa mbili, si mbili na nusu, kwa sababu hizo nyingine ni matangazo. Na hapa ndipo mwanafunzi wangu anapotakiwa aandike kwa wino. CBS iliuza sekunde 30 za tangazo usiku ule kwa dola 450,000, bei iliyozidi hata ya Super Bowl ya mwaka uleule. Ukisikia mtu anajadili iwapo sanaa ilihitaji urefu ule, mtazame kwa huruma, mnunulie soda. Kwa bei hiyo, hata padri angepewa kifaru chake.

Sasa kuna mambo mawili ambayo mwongozo huu hauwezi kukufundisha kuyadhihaki, na nimejaribu.

La kwanza ni basi. Sehemu ya mwisho inaanza Hawkeye akiwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, anazungumza na Sidney Freedman, daktari wa akili wa jeshi, aliyechezwa na Allan Arbus kwa utulivu wa mtu asiye na haraka hata kidogo. Hawkeye anatania, anakwepa, anakasirika. Anakumbuka walikwenda ufukweni, wakafurahi, wakarudi na basi, wakapakia raia wakimbizi na askari waliojeruhiwa njiani. Ikabidi wazime taa na kunyamaza maana adui alikuwa karibu. Nyuma ya basi kuna mwanamke ana kuku, na kuku anapiga kelele. Hawkeye anamfokea amnyamazishe kuku wake. Mwanamke akamnyamazisha, kuku akafa. Sidney anauliza tena. Anaondoka, anarudi, anauliza tena. Na baada ya muda mrefu, mrefu kweli, Hawkeye anakumbuka kwamba hakuwa kuku. Alikuwa mtoto mchanga, na mama yake mwenyewe ndiye aliyemziba pumzi.

Jaribu kulifupisha hilo. Lifanye liwe la dakika tano: daktari anauliza, mgonjwa anajibu, anatoa machozi, muziki unaingia. Litakuwa tukio la kawaida la runinga. Linalolifanya lisitoke kichwani ni kwamba umepelekwa na kurudishwa, umecheka na vituko vyake katikati, umeanza hata kuchoshwa na habari za huyo kuku, ukawaza, kwani kuku mmoja ni kitu gani katika vita hivi vyote? Uchovu wako ni sehemu ya mtego. Waandishi walihitaji uchoke na kuku ili uje uone haya.

La pili ni wanamuziki. Daktari Winchester, tajiri wa Boston anayeringa kwa kila kitu na anayejikinga na vita kwa sahani zake za muziki wa Ulaya, anajikuta na askari watano wa Kichina waliojisalimisha kwake, nao ni wanamuziki. Wana ala zao. Anaanza kuwafundisha kipande cha Mozart, kile cha klarineti na nyuzi, na wanakikosea kila siku, naye anawafokea kila siku, kama mwalimu wa kwaya ambaye shemasi amemletea waimbaji wasiojua noti. Kisha wanapakiwa kwenye lori kupelekwa kubadilishwa na mateka wengine, na wakati lori linaondoka wanakipiga, na safari hii wamekipatia. Winchester anasimama anasikiliza mpaka sauti inapotelea barabarani. Baadaye anarudishwa mmoja wao kwenye machela, hoi, na wengine wote wameshakufa. Winchester anakwenda hemani kwake, anaweka sahani ileile ya Mozart, anaisikiliza kidogo, anaitoa na kuivunja.

Na hili pia linataka muda. Makosa ya wale watano yanatakiwa yachoshe, yarudiwe, yawe ndiyo kichekesho cha saa nzima, ili siku wanayopatia uwe umeshawazoea. Kwa hiyo, kijana, mambo mawili yanayostahili sifa katika saa zile mbili yote yameumbwa kwa urefu. Mwenye mkasi akianzia hapo, ameua.

Nani basi wa kukatwa? Tuingie kwenye maagano, ambako ndiko kwenye nyama ya ziada.

Unajua tunavyosindikiza wageni. Mgeni anaaga akiwa amekaa. Anaaga tena akisimama, anaaga mlangoni akivaa viatu, na mwenyeji anasema ngoja nikutoe hapo nje. Hapo nje wanakumbuka habari ya shangazi, wanaisimulia, wanafika barabarani, na daladala mbili zinapita bila kusimamishwa kwa sababu bado mtu anaaga. Nusu saa ya mwisho ya M*A*S*H ni hiyo. Kwanza kuna chakula cha jioni cha pamoja, ambapo kila mmoja anasimama na kutaja atafanya nini akifika nyumbani. Ni kikao cha ukoo bila mwenyekiti. Asubuhi kuna harusi ya Klinger. Baada ya harusi, kuondoka: mmoja mmoja, kila mmoja akiwaaga wote waliobaki, na waliobaki wakiagana tena kwa kuwa mmoja ameondoka. Hawkeye na Meja Margaret, muuguzi mkuu wa kambi, wanapigana busu refu kiasi kwamba waliosimama pembeni wanaanza kuangalia viatu. Winchester, mwana wa Boston, anakosa gari la maana na kuondoka na lori la taka, na mimi nakiri hicho ni kicheko nilichokifurahia kuliko chochote katika nusu saa ile. Kanali Potter, mkuu wa kambi, anaondoka juu ya farasi wake, Sophie, akampeleke kwa yatima. Kabla hajaondoka, Hawkeye na daktari mwenzake B.J., watu wawili ambao kwa miaka hawakumpigia saluti mtu yeyote kwa moyo, wanampigia saluti. Hiyo iache. Ni sekunde chache tu, na hakuna anayehutubia.

Lakini B.J. Huyu ndiye mwalimu wako mkuu wa kurefusha. B.J. Hunnicutt anaaga mara mbili. Hawkeye akiwa bado hospitalini, B.J. anapata karatasi za kurudi nyumbani, anataka awahi siku ya kuzaliwa ya bintiye, anaondoka bila kuacha hata kikaratasi. Anafika mpaka Guam, karatasi zinafutwa, anarudishwa Korea. Sasa anatakiwa aage upya, na hataki kulitamka neno kwaheri, na kuhusu kutolitamka huko kuna mazungumzo, na baada ya mazungumzo kuna mazungumzo mengine. Mwishoni anaondoka na pikipiki, Hawkeye anapanda helikopta, na kutoka juu anaona neno lenyewe limepangwa kwa mawe ardhini. Picha ile ni nzuri, na ingekuwa nzuri vilevile kama B.J. asingefika Guam.

Hapa lazima nikuonye. Kuna sehemu nyingine ya M*A*S*H ambayo usithubutu kuitazama mpaka umalize mswada wako, itakuharibu. Ilirushwa Machi 18, 1975, mwisho wa msimu wa tatu. Kanali Henry Blake, mkuu wa kwanza wa kambi, amepata ruhusa ya kurudi nyumbani. Wanamfanyia sherehe, wanalewa, wanakumbatiana, anapanda helikopta, kwaheri. Inabaki dakika moja hivi. Madaktari wako kwenye upasuaji, karani wa kambi, Radar, anaingia na kusoma ujumbe: ndege ya Henry imetunguliwa juu ya bahari ya Japani, hakuna aliyenusurika. Watengenezaji walikuwa wameuficha ukurasa huo. Waigizaji wengi waliujua muda mfupi tu kabla ya kurekodi. Katika chumba kile kinasikika kifaa kimoja kikianguka, na kazi inaendelea kwa sababu kuna mtu tumbo wazi mezani. Sehemu nzima, sherehe, kukumbatiana, kifo na kila kitu, ilitosha katika nusu saa yenye matangazo ndani yake.

Unaona hatari yake. Mtu akishaiona hiyo, ataanza kukuuliza maswali: mbona hawa waliweza? Mjibu kwamba Henry Blake alikuwa mmoja, na hawa wako saba. Akiendelea, mjibu kwamba kuna wanaofupisha kupita kiasi, kama wale wa tamthilia ya The Sopranos, Juni 2007, waliokata picha ghafla ikawa giza, na Wamarekani wakadhani kebo imekatika. Sisi tungeshaanza kutafuta namba za LUKU.

Hukumu yangu, kwa kuwa niliahidi: ndiyo, ni ndefu mno, na ningetoa nusu saa. Kifaru kiende. Moto uende, pole sana kwa Malibu. Guam iende. Mezani, pale kila mtu anapotaja mipango yake, nimsikie Hawkeye na mwingine mmoja basi, wengine wale. Harusi nione mwisho wake. Basi, kuku, Sidney na wale wanamuziki watano wasiguswe hata sekunde. Kama kuna aliye na dakika za ziada, wapewe hao. Jambo la ajabu ni kwamba watu milioni 106 wangenipigia kelele, maana wengi wao hawakukaa pale kwa ajili ya kuku. Walikaa kumuona Klinger akiondoka au asiondoke, kumuona Margaret akibusu. Waliwasindikiza watu waliowaingiza sebuleni kwa miaka kumi na moja, na anayemsindikiza mtu hahesabu hatua. Ndiyo maana sikuitwa na CBS.

Imebaki hatua moja, na wengi huisahau. Ukishaaga kwa saa mbili na nusu, rudi. Hata waigizaji wa M*A*S*H walikuwa na mwanzo mzuri katika hili: sehemu ya mwisho kurushwa haikuwa ya mwisho kurekodiwa, hivyo walishaagana mbele ya kamera kisha wakavaa tena zile nguo za kijani kumalizia nyingine iliyobaki. Lakini hiyo ilikuwa mazoezi. Septemba 1983, miezi saba haijatimia tangu taifa zima lilie, CBS ilizindua AfterMASH. Kanali Potter, Klinger na Padri Mulcahy, wote wamerudi, wote wako Missouri kwenye hospitali ya maveterani. Soon-Lee kaja. Yule Klinger aliyebaki Korea, hakubaki. Na masikio ya padri, yale tuliyoyalilia, ambayo yeye mwenyewe aliyabeba kwa siri kwa ajili ya yatima, yalifanyiwa upasuaji katika sehemu ya kwanza kabisa, akawa anasikia.